Sura ya Tano: Miaka Miwili ya Hanania

Katika Kanda hii ya Ziwa sijui mstari wa Biblia uliobandikwa mara nyingi kuliko Yeremia 29:11. Siku ya gulio Katoro utaukuta nyuma ya bajaji, juu ya mlango wa duka la vipuri, kwenye kioo cha lori lililobeba viroba vya mawe kuelekea kusagwa kwenye karasha. Mara nyingi maneno yake hayaandikwi. Namba peke yake inatosha, kwa sababu kila mpita njia anajua kwamba hapo ndipo Mungu anapowaambia watu wake kuwa anawawazia amani, na kwamba mbele yao kuna tumaini. Ukienda kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola, namba ni ile ile. Mtu aliyeacha mke na watoto Kwimba au Maswa akaja kushuka shimoni anaihitaji namba hiyo, na mimi simlaumu.

Ninachoomba katika sura hii ni kwamba tupande mstari mmoja juu. Mstari wa 10 haubandikwi popote. Unasema kwamba neno hilo jema litatimizwa baada ya miaka 70 ya Babeli kwisha. Mistari hii ni sehemu ya barua ambayo Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishiwa Babeli. Barua hiyo ilipofika kule uhamishoni na kusomwa mbele ya watu, mwanamke wa miaka thelathini aliyekuwa anasikiliza hakuhitaji kalamu kupiga hesabu. Alijua hataiona Yerusalemu tena. Mume wake hataiona. Labda mtoto aliyekuwa mgongoni mwake angerudi, akiwa mzee. Tumaini walilotangaziwa lilikuwa la kweli, na wakati huo huo lilikuwa na muda mrefu kuliko maisha yaliyobaki kwa wengi waliolisikia. Tukiukata mstari wa 11 tukauacha wa 10, tumechukua ahadi iliyotolewa kwa taifa kwa vizazi viwili tukaifanya ya mtu mmoja mpaka mwisho wa mwezi.

Na barua ile haikuandikwa hivi hivi. Ilikuwa inajibu ahadi za namna ya ile ya mtu mmoja aliyemo katika sura ya 28, ambayo wengi huiruka.

Alikuwa anaitwa Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni. Ilikuwa mwaka wa nne wa mfalme Sedekia. Miaka michache nyuma, mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza alikuwa amemchukua mfalme Yekonia, wakuu, mafundi, wahunzi na vyombo vya hekalu, akavipeleka Babeli vyote. Nyumba nyingi Yerusalemu zilikuwa na kiti kisicho na mtu. Hanania akasimama hekaluni mbele ya makuhani na umati, akalitaja jina la Bwana, akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vitarudi, Yekonia atarudi, na wafungwa wote watarudi.

Yeremia alikuwepo, amevaa nira ya mti shingoni kama ishara kwamba utumwa wa Babeli bado unaendelea. Kila ninaposoma hapa nasimama kwenye jibu lake la kwanza, maana hakuanza kwa kukemea. Alisema amina. Alisema Bwana na afanye hivyo. Naye alikuwa na watu wake kule, naye alitaka kuamka asubuhi akute barabara ya kaskazini imejaa wanaorudi. Ndipo akaongeza kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake linapotimia. Hanania akamvua ile nira, akaivunja watu wakiona. Unaweza kuwazia vigelegele vya siku hiyo. Yeremia akaondoka zake, hana neno. Aliporudi baadaye alikuja na ujumbe kwamba nira ya mti imevunjwa na mahali pake itakuja ya chuma, na kwamba Hanania amewatumainisha watu katika uongo. Miezi miwili baadaye Hanania alikuwa amekufa.

Kwa nini kosa lile lilihesabiwa kuwa zito hivyo? Hanania hakuwaambia watu waiabudu miungu mingine. Aliwaambia jambo walilolitamani, akaliwekea tarehe. Lakini mtu aliyeambiwa miaka miwili hajengi. Hapandi mti wa matunda, maana atakula nani? Hamwozi binti yake kule ugenini. Anakaa na mizigo imefungwa, anahesabu. Ukifika mwaka wa tatu anajikuta hana nyumba, hana shamba, hana wajukuu, na imani aliyokuwa nayo mwanzoni imekwisha kwa sababu aliifunga kwenye ile tarehe. Ndiyo maana barua ya Yeremia inaanza na mambo ya kawaida kabisa: jengeni, kaeni, pandeni bustani mle matunda yake, oeni na kuozesha, uombeeni mji mliopelekwa. Mistari hiyo ya 5 hadi 7 inatangulia ule tunaoubandika.

Nazungumza haya na watu ambao kungoja ndiyo kazi yao. Asiyewahi kukaa machimboni hudhani kazi ya mchimbaji mdogo ni kuchimba. Sehemu kubwa ya maisha yake ni kusubiri. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likifunguliwa, mwenye duara hutoa chakula, magogo ya kupigia matimba ili kuta zisiporomoke, betri za tochi, mafuta ya pampu ya kuvuta maji. Vijana wanaoshuka hawana mshahara. Wanangoja mgao siku mwamba wenye mali utakapopatikana, na mwamba haumwambii mtu uko umbali gani. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa msimu mzima. Kila asubuhi mtu anashuka na moko, yaani tindo, na nyundo, mwenzake yuko juu kwenye winchi anavuta kiroba, na jioni wote wawili wanakula kwa deni.

Hata mawe yakipanda juu, kungoja hakujaisha. Yanapelekwa kwenye karasha, yanasagwa mpaka yanakuwa unga, kisha yanafika mwaloni. Hapo unga unapitishwa na maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa zulia, ili kilicho kizito kibaki kwenye nyuzi. Zulia linakung'utwa ndani ya beseni. Kijana anamimina zebaki kidogo, anaikoroga na ule mchanga mweusi kwa mikono mitupu. (Zebaki ni sumu, inaingia mwilini na haina haraka ya kutoka, nawasihi wanaosoma haya wakiwa na beseni mbele yao wavae glavu, na wasiichome karibu na watoto wala jikoni.) Kisha kinachopatikana kinawekwa kwenye kitambaa na kukamuliwa. Wakati wa kukamua, watu waliokuwa wanataniana wananyamaza. Miezi yote ya duara sasa imo ndani ya kitambaa kimoja, kwenye ngumi ya mtu mmoja. Kikifunguliwa kinatoka kidonge cha rangi ya fedha, wakati mwingine kama punje ya mahindi, wakati mwingine kama ya mtama. Kinachomwa, zebaki inapaa, njano inabaki, mizani inaletwa. Ikitajwa gramu, hesabu inaanza: mwenye leseni, mwenye duara, karasha, mafuta, chakula. Wapo wanaoondoka hapo na kiwanja cha nyumba. Wengi wanaondoka wakiwa wamepunguza deni.

Bei nayo ilikuwa mtihani mwingine, mpaka soko la madini lilipofunguliwa Geita mjini Machi 2019, la kwanza la aina yake nchini, mtu akaanza kuuza mahali ambapo bei ya siku inajulikana. Hilo nalitaja kwa shukrani.

Mwandishi wa kitabu cha Ayubu alimjua mchimbaji. Sura ya 28 inaanza na wachimbaji: wanatoboa ardhi mbali na makazi ya watu, wananing'inia kwenye kamba mahali pasipokanyagwa, wanalilazimisha giza likome, wanageuza milima kutoka kwenye mizizi yake. Anawasifu kwelikweli. Halafu anauliza hekima inapatikana duara gani, na jibu lake ni kwamba haimo humo, na dhahabu ya Ofiri hainunui hekima. Sura hiyo ingesomwa zaidi katika makanisa ya Geita, ingetusaidia sana.

Nani basi anayeweza kuishi hivi, akila leo kwa mali ya siku asiyoijua? Jibu lake liko kwa mama ntilie. Kila machimbo yana akina mama wanaopika ugali na dagaa, na wali siku za neema, nao wanatoa chakula mali kauli. Kijana anakula, jina lake linaandikwa kwenye daftari. Mama huyu hajui kama duara litatoa. Hajawahi kushuka. Hatazami mwamba; anamtazama mtu. Anajua yupi akipata hulipa kabla hajanunua simu, na yupi akipata huhama usiku. Yule wa kwanza atakula hata mwezi wa tatu. Yule wa pili ataambiwa chakula kimekwisha na sufuria bado inafuka. Mimi naona imani ya Ibrahimu ilikuwa ya namna hiyo. Alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani, Isaka akazaliwa yeye akiwa na miaka 100, na katikati ya hapo hakukuwa na dalili yoyote ya kutazama, mwili wake ulikuwa unazeeka kila mwaka. Kilichobaki cha kutazama kilikuwa tabia ya aliyetoa neno. Hata yeye alichoka njiani, akakubali mpango wa Hajiri, Ishmaeli akazaliwa, na machozi ya Hajiri jangwani yalikuwa ya kweli. Watu wengine ndio waliolipa gharama ya haraka ile.

Hapo kwenye gharama nataka tukae, maana kanda yetu imelipa.

Mfalme Sauli aliambiwa amngoje Samweli siku saba Gilgali. Wafilisti walikuwa wamejikusanya Mikmashi, askari wake walikuwa wanatoroka na kujificha mapangoni. Akangoja siku saba. Samweli hakutokea, Sauli akatoa sadaka ya kuteketezwa kwa mkono wake mwenyewe, na mara tu alipomaliza Samweli akafika. Mara nyingi mahubiri huishia hapo. Mimi ningeomba tumfuate mpaka 1 Samweli 28, miaka mingi baadaye. Mungu hamjibu, vita ni vile vile, na mfalme aliyekuwa amewafukuza waganga na wenye pepo wa utambuzi nchini mwake amevua mavazi yake, amevaa mengine, anakwenda usiku kwa mwanamke wa Endori. Ni mtu yule yule wa Gilgali. Alishindwa kungoja akiwa na jeshi mchana, akaishia kubisha hodi kwa mganga gizani.

Kanda ya Ziwa tunaijua njia ya Endori. Dhahabu ilipoanza kuvuta maelfu ya watu, waganga walifuata, na baadhi yao walianza kuuza jambo moja: kufupisha muda. Duara haliitiki? Leta kuku mweusi. Bado? Leta kitu kikubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2007 nchi ilianza kusikia, kutoka Mwanza, Shinyanga na Geita ya leo, kwamba watu wenye ualbino wanauawa na kukatwa viungo ili wengine wapate utajiri wa madini na wa samaki. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino katika wilaya ya Bukombe. Ilikuwa mara ya kwanza watu kutiwa hatiani kwa mauaji ya namna hiyo. Miaka 14. Alikuwa mtoto wa mtu, na aliuawa kwa sababu kulikuwa na watu wazima walioaminishwa kwamba mali yao imechelewa.

Watoto wengine walikimbizwa. Buhangija, pale Shinyanga mjini, shule ya msingi iliyokuwa na kituo cha watoto wenye mahitaji maalumu ilipokea watoto wenye ualbino mpaka mabweni yakafurika. Waliletwa kwa ajili ya usalama, wengine wakiwa wadogo kiasi cha kutoweza kusimulia wanatoka kijiji gani. Ikawa mwaka, ikawa miaka. Wapo ambao wazazi wao walikuja kuwatembelea, na wapo ambao hakuna aliyekuja. Tunapohubiri kuhusu msimu wa kungoja, kwa kawaida tunamaanisha mchumba, kazi, mtoto, mtaji. Watoto wa Buhangija walikuwa wanangoja kwenda nyumbani. Hawakuwa na dhambi ya kutubu wala somo la kujifunza kwenye kungoja kwao. Walingoja kwa sababu watu wengine walikataa kungoja. Mkristo yeyote wa kanda hii anayetaka kufundisha subira lazima awe na jibu mbele ya watoto hao, na jibu la kwanza ni kuwalinda.

Kanisa nalo lina Hanania wake. Hatumwiti mganga, tunamwita mtumishi. Anakuja na kipaza sauti, anawaambia wachimbaji kwamba mwezi huu hautaisha kabla hawajatoboa, na kwamba kinachozuia ni mbegu ambayo hawajapanda. Kijana anatoa nauli aliyokuwa ameihifadhi ya kurudi kwao Krismasi. Mwezi unaisha. Anaambiwa imani yake ilikuwa na mashaka. Nawaambia wachungaji wenzangu wa Geita, Kahama na Shinyanga kwa heshima yote: anayemtajia mtu tarehe ambayo Mungu hakuitaja, akachukua na fedha juu yake, anafanya kazi ile ile ya yule mwenye tunguri. Tofauti iko kwenye mavazi.

Hata shuhuda zetu zina tatizo hili. Wengi wanajua habari za John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyehangaika miaka mingi, fedha zikamwishia, mpaka mwaka 1940 akaipata almasi ya Mwadui. Hutajwa ili kutia moyo. Lakini ardhi ya kutoka Maganzo mpaka Geita imejaa mashimo ya watu waliokuwa na bidii kama yake na hawakupata kitu. Hao hawaitwi mbele kushuhudia. Tukiwasikiliza waliopata peke yao, tutaamini kwamba kila anayevumilia hupata, na Biblia haisemi hivyo. Waebrania 11, baada ya kuwataja walioziba vinywa vya simba na waliopokea wafu wao wakiwa hai, inageuka kuwataja waliopigwa mawe na waliokatwa kwa msumeno, na inasema wazi kwamba hao wote, pamoja na ushuhuda wao mwema, hawakuipokea ile ahadi katika maisha yao. Wamo kwenye orodha moja na Ibrahimu.

Kama Mungu hataji tarehe, tufanye nini? Barua ya Yeremia inajibu kwa jembe, na Wasukuma wa Shinyanga wana ushahidi wa kuunga mkono.

Toka zamani wana desturi ya ngitili. Mvua zikianza, familia au kijiji hutenga eneo la malisho na ng'ombe hawaingizwi. Nyasi zinakua, zinasimama, zinakauka zikiwa zimesimama, mpaka katikati ya kiangazi malisho mengine yanapokwisha, ndipo hufunguliwa. Mara nyingi hakuna uzio. Kuna mpaka unaojulikana, na kuna wazee wa dagashida, baraza la jadi, watakaomtoza faini anayeuvunja. Karne iliyopita desturi hii ilikaribia kufa. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu mikubwa ili kuangamiza mbung'o. Pamba ikaja ikataka ardhi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga mwaka 1984 aliliita eneo hilo jangwa la Tanzania. Akina mama walikuwa wanatembea nusu ya siku kutafuta kuni, wengine wanapikia samadi.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizohesabika zilikuwa na hekta zipatazo 600 tu. Wataalamu walileta miche, lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa kuwashawishi watu watenge ardhi na kuiacha, kwa sababu chini ya ile ardhi iliyoonekana mfu kulikuwa na visiki na mizizi ambayo bado ilikuwa hai. Fikiria mfugaji wa wakati ule. Ng'ombe wake wamekonda, na anaambiwa aache sehemu ya ardhi yake bila kuigusa, mwaka huu na mwaka ujao, kwa ajili ya mti ambao hauonekani. Akakubali. Akalinda mpaka, akakaa kwenye vikao, akatoza faini na kutozwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Migunga ikarudi. Kuni zikapatikana karibu na nyumbani, asali ikapatikana, ndege ambao watoto walikuwa hawajawahi kuwaona wakarudi. Miaka kumi na mitano na zaidi, ya watu waliokuwa na kazi ya kufanya kila siku ya kungoja kwao.

Sitaki msomaji aondoke hapa akidhani kila shimo lina mzizi hai. Mwaka 2015 ulitufundisha pande zote mbili kwa mara moja. Tarehe 5 Oktoba duara liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, watu wakafukiwa. Baadhi walitolewa mapema, lakini sita walibaki chini na watu wakakata tamaa. Tarehe 15 Novemba watano kati yao walitolewa wakiwa hai. Siku 41. Walikula mende, vyura na mizizi, walikunywa maji machafu yaliyokuwa yanachuruzika kutoka juu. Walishuka shimoni rais akiwa Kikwete, nchi ikapiga kura, na walipotoka Magufuli alikuwa ameshaapishwa siku kumi kabla. Familia zao zilikuwa zimeshaomboleza. Na yule wa sita alifia humo humo, kando ya wenzake, akiwa amengoja kama wao walivyongoja.

Januari 2017, wachimbaji 15 walifukiwa Nyarugusu mkoani Geita, wakatolewa wote wazima baada ya siku tatu, na tuliimba. Agosti 2025, watu 25 walifukiwa Nyandolwa mkoani Shinyanga. Ndugu walikaa juu ya shimo siku baada ya siku, na wengi walipokea miili. Nani atasema kwamba wa Nyarugusu waliombewa vizuri zaidi? Mimi siwezi, na naomba mtu yeyote asiseme mbele ya mjane. Nikiulizwa kwa nini Mungu aliwatoa watano akamwacha wa sita, sina jibu, na ninayemwamini hajanipa.

Alichonipa ni mfano wa Yeremia akiwa kifungoni, katika sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji, maboma ya kuhusuru yamefika ukutani, bei ya ardhi haina maana tena kwa sababu ardhi yenyewe imeshakaliwa na adui. Binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba lililoko Anathothi. Yeremia analinunua. Anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anaandika hati, anaita mashahidi, anatia muhuri, anamkabidhi Baruku nakala zote mbili na kumwagiza aziweke katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Utaratibu wote wa kisheria unafuatwa kama siku ya amani, kwa sababu Mungu alisema nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Hatusomi popote kwamba Yeremia alililima shamba hilo hata msimu mmoja. Mji ulianguka mwaka 586, na baadaye yeye mwenyewe akachukuliwa kwenda Misri bila hiari yake. Fedha zake zilikuwa zimekwenda kwa ajili ya watu ambao hakuwajua.

Kwako unayengoja, basi, nina maneno machache. Duara likikupa chochote, nunua kiwanja kabla ya simu, na uandikishe jina la mke wako kwenye hati. Lipa deni la mama ntilie. Lipa ada ya mtoto mwaka huu, usisubiri gramu za mwaka ujao. Panda miembe hata kama unadhani utahama. Ukisikia mtu anakutajia mwezi na siku ambayo Mungu atakutajirisha, muulize imeandikwa wapi, na kama anataka fedha kwanza, ondoka. Ukisikia mtu anataja kiungo cha binadamu, usiishie kuondoka. Nenda polisi siku hiyo hiyo. Omba kila siku, ukitaja unachokitaka kwa jina, kama Yeremia alivyosema amina kwa kitu alichokitamani. Na kama kuna nyumba mtaani kwako iliyofiwa na mtu duarani, nenda huko wiki hii, peleka unga na sukari, kaa nao, na usiwasomee mstari wa 11 kama hujawa tayari kurudi mwezi ujao na mwezi unaofuata.